Madam na Mti Usioliwa na Mchwa

Ungekaa mtaa wa Makongeni, Nairobi, miaka ile bila kumjua Madam, basi ulikuwa mtu wa kujifungia ndani. Alfajiri ungesikia viatu vyake vikipita dirishani, tap-tap-tap, akienda shuleni ng'ambo ya Jogoo Road alikofundisha kemia. Jioni ungevisikia vikirudi, na kabla hujamaliza kusema "huyo amefika" vingekuwa vimetoka tena. Mumewe alikuwa karani wa reli na alikuwa safarini mara nyingi kuliko alivyokuwa nyumbani. Mume wangu, fundi wa reli, alisema Madam ni injini ambayo dereva alisahau kuizima.

Sote tulimwita Madam, hata wazee waliomzidi umri, hata mchungaji. Akija kwako hakuketi. Ungemvutia kiti, angekishika mgongoni kama mtu anayeogopa kiti kitakimbia, kisha azunguke meza huku akizungumza. Angefunua sufuria yako, anuse, aifunike, na aendelee na maneno pale alipoyaachia. Chai aliinywa akitembea. Mara moja nilimwomba, kwa heshima, aketi walau nimalize kumpima gauni, maana mimi ni mshonaji. Aliketi, akaanza kutikisa goti, na kile kiti kikatembea pamoja naye hadi mlangoni. Gauni lile lilitoka refu upande mmoja. Alilivaa miaka na hakuwahi kulalamika; nadhani hakuwahi kusimama mahali pamoja akaliona.

Watu wa Makongeni wanaomkumbuka leo huanza na habari ya mti. Huniuliza mimi kwa sababu ni mimi niliyemwomba dawa ya mtarakwa nikiwa na mimba, akaninyima. Ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na mtaani, ambako kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, mimi nilikuwa bado Bibi ya Fundi. Nitafika huko. Lakini nikianza na siku ile peke yake utamwona Madam kuwa mtu mgumu, na hakuwa hivyo.

Kwanza, mti wenyewe. Mtarakwa ni mti wa asili wa milima yetu, jamaa ya msonobari. Majani yake ni madogo kama magamba ya samaki, hautoi maua ya kusifiwa, na vijitunda vyake hukomaa vikawa na rangi ya samawati iliyochafuka. Ukipasua shina lake utakuta moyo mwekundu wenye harufu nzuri. Nguzo yake ukiizika ardhini inakaa, inakaa, wewe unazeeka nayo bado ipo, na mchwa wanapita kando kama watu wanaopita kwa mdai wao. Penseli nzuri za shule zilikuwa za mti huo.

"Wanafunzi wangu wanakula mtarakwa tangu darasa la kwanza," Madam alikuwa akisema. "Hawa wote wanaotafuna penseli! Lakini sijaona mtu akiuza penseli kwa chupa ati inasafisha damu."

Kwa maana kulikuwa na watu waliouza majani yake kwa magunia, na walioamini kwamba yanasafisha damu, yanaondoa kikohozi, yananyoosha mgongo wa mzee na kushikilia mimba isitoke. Baadhi yetu tulikuwa na nyanya zetu huko milimani waliochemsha majani hayo na kuishi hadi wakasahau umri wao. Madam hakuwacheka. Alikuwa na swali moja tu, na alilisema kuhusu kila kitu, chumvi, mahubiri, hata salamu za mapenzi ambazo vijana waliwapelekea wasichana: "Kiasi gani?" Ukimwambia bibi yako aliponywa na majani, atakuuliza kiasi gani. Ukimwambia unampenda mumeo, atakuuliza vivyo hivyo, na hapo atacheka.

Basi ni hilo swali lililomfanya alete tawi la mtarakwa jikoni kwake. Alitaka kujua kuna nini ndani. Siku moja niliingia nikamkuta amekata karatasi ya kukaushia wino vipande vyembamba, ameweka tone la maji ya majani kwenye kila kipande, na kuvining'iniza ncha zake ndani ya kikombe cha spiriti. Spiriti ilipanda polepole kwenye karatasi, na lile tone moja la kijani likaanza kuachana. Kijani kilibaki chini kidogo, manjano ikapita, hudhurungi ikafuata na kusimama, na juu kabisa kulikuwa na doa ambalo halikuwa na jina la rangi.

"Unaona?" akaniambia, akinizunguka. "Mnasema mtarakwa, mtarakwa, kana kwamba ni mtu mmoja. Huu ni umati! Ni Jogoo Road saa kumi na moja jioni. Kuna fundi humo, kuna mchungaji, kuna mwizi. Na wewe unaufungulia mlango wote kwa mpigo mmoja."

"Na mwizi ni yupi?"

"Ndiyo kazi," akasema. "Hawavai sare."

Nimeshona nguo maisha yangu yote na sikusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini jambo lile nililielewa palepale na ninaweza kumweleza yeyote. Kitu kikinukia vizuri, si kwamba kila kilichomo ni chema. Na kitu kikiwa na sumu, si kwamba kila kilichomo ni kibaya. Ni lazima uwatenganishe wale wa kwenye umati, mmoja mmoja, na umuulize kila mmoja anafanya nini na kwa wingi gani. Kazi hiyo inahitaji maabara na watu wengi. Madam alikuwa na jiko la mafuta ya taa.

Halafu kulikuwa na mikebe. Hii ndiyo iliyoleta taabu yote, na Madam aliianza kwa nia njema kabisa. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwamba hewa hii tunayovuta, inayotuweka hai, pia inakula vitu. Inakula chuma, tunaona kutu. Inakula kiazi ulichokimenya ukakiacha, kinageuka rangi. Inakula mafuta ya kupikia yakikaa wazi, yanachacha na kunuka. "Mafuta yaliyochacha," alimweleza mume wangu, "ni kama reli yako iliyoshika kutu. Ni ulaji uleule." Mume wangu alilipenda hilo mpaka akalihubiri kazini. Sasa, kuna vitu ambavyo vikitiwa kwenye mafuta hujitoa vyenyewe viliwe kwanza, kama mtu anayesimama mlangoni na kusema, piteni kwangu. Mafuta yanachelewa kuharibika. Madam alitaka kuona kama majani ya mtarakwa yana walinzi wa namna hiyo.

Akaweka mikebe dirishani, penye jua. Mmoja mafuta matupu. Mmoja mafuta yenye maji mazito ya majani ya mtarakwa. Na kwa kuwa kila mpita njia alikuwa na pua, mtaa mzima ulifuata habari. Ule wa mafuta matupu ulianza kunuka. Ule wa mtarakwa ulikaa vizuri, ukakaa, na wanawake walikuwa wakija kuunusa kama wanaokwenda kumwona mtoto mchanga.

"Woi! Bado ni mafuta mapya!"

"Na yameshinda juani hivyo?"

Aliyetoa hukumu ni Mama Njeri, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyeuza mboga mbele ya mlango wake na alikuwa na ulimi mtamu kuliko mboga zake. "Sasa nyinyi fikirieni," akasema. "Kama inazuia mafuta yasioze, si itazuia damu isioze? Si itazuia mtoto asiharibike tumboni?" Akanitazama mimi. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na mimba yake pia, changa kama yangu, na alikuwa akituombea sote wawili.

Madam alisikia. Aliingiwa na wasiwasi ambao sikuwahi kuuona kwake, na wasiwasi wake ulikuwa na miguu. Siku iliyofuata kulikuwa na mkebe wa tatu dirishani, wa majani ya chai, chai hii ya dukani. Nayo mafuta yake hayakuharibika haraka. Akaita wanawake waje wanuse.

"Haya, mmenusa? Chai! Chai inafanya hivyohivyo! Basi kama ni hilo mnalolitaka, nendeni nyumbani mkachemshe chai."

Wakamwangalia kwa huruma. "Madam," Mama Njeri akasema, "chai si dawa. Chai tunakunywa kila siku na bado tunaugua." Na wakaenda zao na mtarakwa wao moyoni.

Kuna tabia zake nyingine ambazo hazikupatana, na afadhali nizitaje hapa. Aliwakataza wanafunzi kuonja kitu chochote cha maabara, lakini yeye mwenyewe aliweka tone la kila kitu kwenye ulimi. Alitia hata la mtarakwa, kisha akatembea mtaa mzima hadi jua likatua akiusikiliza mwili wake. Tulipomuuliza amesikia nini, alisema ladha chungu na kiu. "Basi ni salama," tukasema. "Kwangu, tone moja, leo," akasema. "Mimi si mjamzito. Mimi si mtoto. Mimi si mwenye figo mbovu. Mimi si watu." Alidai ushahidi kwa kila jambo, lakini hakukubali mtu afagie nyumba yake baada ya magharibi, na ukimuuliza ushahidi wa hilo atakuambia umwondokee. Kwenye kwaya ya kanisani aliimba kwa sauti ya juu isiyopatana na wimbo, na mchungaji hakuthubutu kumwambia. Na alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa maneno ya kufariji. Ukilia mbele yake angekuletea maji, kitambaa, chakula, pesa za daktari. Neno "itakuwa sawa" hakulitoa. Alisema hana namna ya kulijua.

Siku niliyokwenda kumwomba, nilimkuta jikoni.

"Madam, nimekuja kuomba."

"Omba."

"Ile dawa ya mkebe. Kikombe kimoja tu."

"Ya nani?"

"Ya nani tena? Yangu." Nikashika tumbo. "Ya huyu."

Alisimama. Nilikuwa sijawahi kumwona akisimama hivyo, mikono ikining'inia. "Kiasi gani?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Si wewe ndiye unayejua?"

"Hapo ndipo palipo na ugonjwa, dada. Sijui. Majani au kiini cha mti? Kijiko au kikombe? Mwezi wa pili au wa tano? Sijui. Sijui. Sijui."

"Lakini mafuta hayakuoza."

"Wewe si mafuta."

Akanishika mkono akanipeleka penye sahani zilizokuwa kando ya jiko, zimewekwa wimbi, nafaka ile ndogo ya uji, juu ya vitambaa vyenye unyevu. Wimbi hiyo alikuwa ameiomba kwa Mama Auma, jirani yetu aliyepika pombe ya busaa kwa siri ambayo kila mtu aliijua, pamoja na askari. Mpika busaa hujua kuotesha wimbi kuliko mkulima, kwa sababu bila kimea hana biashara. Wimbi iliyonyweshwa maji ilikuwa imetoa vijimizizi vyeupe. Iliyonyweshwa chai ilikuwa inajikongoja. Iliyonyweshwa maji ya kiini cha mtarakwa, ule moyo mwekundu, ilikuwa imelala tu. Haikuoza. Ilikuwa safi, inang'aa, haina ukungu hata kidogo. Na haikuamka.

"Mbegu ni mimba ya wimbi," Madam akasema. "Huu mti unakataa mchwa, unakataa ukungu. Umejiwekea silaha. Silaha hiyo ikiingia kwako itamchagua nani? Labda haitamgusa mtoto. Mtu si mafuta, na mtu si wimbi pia. Huenda ni dawa nzuri kuliko zote. Lakini sikupi."

"Waliokunywa huko milimani ni wengi na wana watoto."

"Wenye watoto ndio wanaosimulia. Aliyepoteza harudi kusifu dawa. Wala hakuna aliyemuuliza."

Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia ni rahisi kwake kungoja kwa sababu watoto wake wawili wako shule. Alianza kutembea tena, kutoka kwenye jiko hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kwenye jiko, na mimi nikatoka.

Nje nilimsikia Mama Auma akija kuidai wimbi yake. "Madam! Nilikupa ikiwa hai, unanirudishia maiti?"

"Imeniambia jambo."

"Imekuambia nini na haina mdomo?"

"Imeniambia ningoje."

"Aki wewe! Wateja wangu hawangoji."

Mama Njeri hakungoja. Kulikuwa na karakana ya useremala karibu na soko, na mafundi wa pale walitumia neno "sida" kwa mtarakwa. Mama Njeri alimtuma mtu akaletewa maranda ya sida mfuko mzima, akayachemsha, akanywa asubuhi na jioni. Aliniletea bakuli pia, limefunikwa na sahani. Nililiangalia mchana kutwa. Nilikuwa na hasira na Madam, na nilitaka mtoto, lakini ile sahani ya wimbi iliyolala ilikuwa imeniingia machoni na haikutoka. Nilimwaga bakuli lile kwenye mfereji.

Mimba yangu ilitoka ikiwa imeshaonekana. Mama Njeri alijifungua msichana mzito, mwenye kelele, asiye na kasoro.

Wewe unayesoma unaweza kukisia mtaa ulisema nini. Walisema aliyekunywa amepata, aliyenyimwa amekosa. Walisema Madam ni mchoyo, anataka dawa iwe ya wasomi. Vijana wa kwenye kona, waliokuwa wakimsalimu kwa heshima, wakaanza kumpigia kelele akipita: "Madam, vipi! Si utupee sida kidogo na sisi tuzae!" Alipita kwa mwendo uleule. Mimi nilimwamini siku moja, siku ya pili nikamlaani, siku ya tatu nikajilaani mwenyewe kwa lile bakuli.

Alikuwa amekuja kuniona nilipotoka hospitali. Alileta uji, akaosha vyombo vyangu, akakunja nguo zilizokuwa kwenye kamba, akasema pole, akaondoka. Sikumwomba abaki. Nilikuwa nikingoja aseme kwamba alifanya sawa, au kwamba alikosea, lolote, na hakusema.

Miezi baadaye akaenda kumwona mtoto wa Mama Njeri, na huko ndiko alikoona mfuko wa maranda yaliyobaki. Nilisikia yote kupitia ukutani.

"Mama Njeri, haya ndiyo uliyokunywa?"

"Ndiyo, sida. Tena nimebakisha. Sasa unataka?"

"Ona rangi. Haya ni meupe, ya manjano kidogo, kama siagi. Moyo wa mtarakwa ni mwekundu. Hii si mtarakwa. Hii ni saipresi, mti wa kupandwa, wa kuletwa. Wa kuzungushia ua."

"Nilimwambia fundi nataka sida, akanipa sida."

"Hao mafundi wanaita yote sida! Mtarakwa sida, saipresi sida, kwa sababu zote zinanukia na zote ni mbao nzuri ya sanduku. Hukunywa ule mti, Mama Njeri. Hukuwahi kuunywa."

Mama Njeri akacheka, bila ukali, kicheko cha mwanamke mwenye mtoto titini. "Madam, na huyu? Huyu naye si mtoto, ni saipresi?" Waliokuwemo wakacheka naye. "Sida ni sida," mmoja akasema, na huo ukawa msemo. Kwa muda mrefu mtu wa Makongeni akitaka kukuambia uache ubishi alisema sida ni sida.

Mimi nililia ukutani, lakini sikujua ninalilia nini. Bakuli nililomwaga halikuwa hata na ule mti. Ushahidi uliokuwa umemhukumu Madam, na mimi, ulikuwa chungu cha mti mwingine, uliotoka upande mwingine wa dunia, ukanywewa kwa jina la kuazima.

Miaka ikapita. Nilipata mtoto wa kiume baadaye, Ken, na sikunywa kitu chochote, wala sijui kwa nini huyu alikaa na wale watatu hawakukaa. Sikuthubutu kumwambia mtu kwamba najua. Madam alihamia Komarock, nyumba zile zilipokuwa bado zinanukia saruji, na tukapoteana. Mwisho wa miaka ya themanini nilikutana na dada yake sokoni, akaniambia Madam amestaafu na kila mara anauliza habari za Bibi ya Fundi. Nilikwenda Jumatatu iliyofuata.

Nywele zilikuwa nyeupe. Alinipa kiti, akasimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nilimuuliza bila kuzunguka.

"Madam, ningekunywa ile yako, mtarakwa wa kweli, ingekuwaje?"

"Sijui."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Nimesoma nilichopata. Wapo wanaoutenganisha ule umati sasa, polepole, na wanaona mambo mazuri humo, na mambo ya kutisha. Lakini kuhusu kikombe kile, mwezi ule, tumbo lile, sijui." Alikwenda dirishani akarudi. "Naweza kukuambia jambo moja tu. Ningekupa, na mtoto akazaliwa, ningempa mwanamke wa pili. Na wa tatu. Ningetoa kwa furaha kubwa. Na mtaa wote ungekuja. Ningeendelea kutoa mpaka nimpate yule wa kuumia, na hapo nisingejua hata kama ni mimi."

"Kwa hiyo hukukosea."

"Nilikosea." Alisema haraka, kana kwamba neno lilikuwa limesubiri mlangoni. "Kukunyima, hapana. Ningekunyima tena. Lakini nilikuambia sijui, kisha nikakuacha ukatoka peke yako. Nikarudi kwenye wimbi. Nilikuwa na miguu hii, inazunguka Makongeni yote kutwa, na haikunijia kukuvalisha viatu nikupeleke kliniki, nikae nawe kwenye foleni, nikupeleke tena wiki inayofuata. Labda isingebadilisha kitu. Lakini mtu ukimwambia hujui, usimwachie hilo alibebe peke yake."

Mtu akabisha hodi mlangoni.

Alikuwa msichana wa nyumba ya tatu, mwenye mimba ya kwanza, aliyevaa gauni la mtu mwingine. Alishika chupa ya soda iliyotiwa kitu cha hudhurungi, imezibwa na gunzi la mahindi.

"Madam, shikamoo. Auntie, shikamoo. Nimeambiwa Madam anajua miti. Nimeuziwa hii, wanasema ni mtarakwa, inashika mtoto. Naona kama damu inatoka kidogo tangu asubuhi, nikaogopa. Nikunywe?"

Madam alichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaiweka chini. Kisha akanigeukia mimi. Nilielewa kwamba ananiachia jibu.

Nilimtazama yule msichana. Nilijua anachotaka. Anataka mtu mzima mmoja amwambie ndiyo au hapana, na amwambie bila kutetereka. Ningeweza kumwambia lolote kati ya hayo mawili na angenishukuru.

"Sijui, binti yangu," nikasema.

"Hamjui? Nyinyi wawili wote?"

"Sote wawili. Nitakusimulia njiani kwa nini. Lakini hiyo damu haingoji hadithi. Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Bwana yuko kazini, Industrial Area."

"Kliniki inafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi usinywe, na usimwage. Tunaibeba, daktari aione. Viatu vyako viko wapi?"

Nilipoinuka, Madam alikuwa ameshafika langoni, mkoba begani, chupa mkononi, anauliza kwa nini tunachelewa. Tulitoka tukashika Kangundo Road, vumbi limejaa, malori yakipita. Msichana alijaribu kutangulia, akiona haya kusindikizwa na wazee mchana kweupe.

"Njia naijua, jamani."

"Tunajua unaijua," Madam akasema, akamshika mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeshashika wa kulia.